Jina la Robi Mkononi Mwako

Nyangoto, Jumapili alasiri

Mwita mwanangu,

Umetoka kwenda senta kuwaaga wenzako, nami nimekaa hapa mlangoni na kalamu yako ya shule. Ukirudi utanikuta nasonga ugali, na sitakuambia hata neno moja kati ya haya, maana siku hizi tukianza kuongea tunaishia kununiana. Kwa hiyo naandika. Barua nitaiweka ndani ya begi lako, chini ya kile kipande cha sabuni na kopo la mafuta ya mgando, mahali utakapotia mkono kila siku kama una akili ya kuosha hicho kidonda.

Mambo ya kula, kulala na kuchagua marafiki sikuandikii. Umeshakuwa mura, umeshatahiriwa, ndevu zimeanza kuchungulia, na hata nikikuandikia kurasa mia utafanya unavyotaka. Nakuandikia habari za mkono wako wa kushoto tu. Kumbe mkono wenyewe una mambo mengi.

Acha nianze na hasira yangu niimalize. Siku ile ulipoingia hapa mkono umeviringishwa nailoni, nilidhani umekatwa panga. Nikapiga yowe, jirani akaja mbio na mwiko mkononi. Wewe ukacheka. Ukafungua nailoni, nikaona damu, nikaona majimaji, nikaona wino mweusi, halafu nikaona herufi. ROBI. Herufi kubwa kubwa, zimelala kutoka karibu na kiwiko mpaka karibu na kifundo. Jirani akauliza, "Robi ndiye mchumba?" Mimi sikuuliza. Katika boma hili Robi ni mmoja.

Jirani alipoondoka ukaniambia, "Mama, nikifika machimbo ya Chunya, hata kama sura yangu haijui, akiuona mkono atajua mimi ni nani."

Nikakujibu, "Umejiharibu." Ndilo neno pekee nililopata, na ulilala bila kula.

Habari za Robi ulizipata kwa mdomo wa baba yako mdogo Chacha, tena mdomo wenye pombe, mbele ya watu. Najua ndizo zilizokupeleka kwa mchoraji. Basi zipate na kwangu, tangu mwanzo, bila pombe.

Mimi nilizaa mabinti watupu. Wakaolewa, wakaenda. Mume wangu, huyo Mwita uliyerithi jina lake, akafariki, nikabaki na nyumba isiyo na mtoto wa kiume. Kwetu nyumba ya namna hiyo inaruhusiwa kuoa. Nikachukua ng'ombe walioletwa kwa mahari ya binti yangu mdogo, nikamwoa Robi, nyumba ntobhu, mwanamke anamwoa mwanamke, ili azae na mwanamume wa ukoo, watoto wawe wa marehemu na wa kwangu. Hakuna aibu hapo, usije ukakubali mtu wa huko Chunya akucheke kwa hilo. Nawajua wanawake walioishi hivyo kwa amani, wakazeeka pamoja wakigombania ugoro. Ubaya haukuwa kwenye ndoa. Ubaya ulikuwa kwangu.

Ukazaliwa wewe. Watu wakakufundisha kuniita bibi, ukakataa katakata, ukaniita mama, nami sikukusahihisha hata siku moja.

Robi alikuwa mwembamba, mcheshi, anaimba akikamua. Utotoni walimtoboa masikio, na kila tundu likaota nyama nyuma ya sikio, kokwa ngumu kama maharage. Alikuwa anazificha kwa kitambaa. Mimi nilikuwa namtania kwamba ameingia na kupe kwenye zizi langu. Mwanzoni alicheka. Ngozi yake ndivyo ilivyokuwa, ikipata jeraha inapona, halafu inaendelea kupona tu hata kazi ikiwa imekwisha, mpaka inatengeneza kilima. Na wewe ngozi hiyo umeichukua, mura. Shika bega lako. Pale walipokuchanja ukiwa mchanga pana kilima. Ulilijua hilo, ukaenda ukakaa kwenye kiti cha mtu mwenye sindano.

Sasa nikueleze ile bluu, maana hujaniuliza na naona bado inakukera.

Asubuhi baada ya kuchorwa nilikukuta shuka limegandamana na kidonda. Uliling'oa kwa nguvu, ngozi ikaja nalo. Siku nyingine lowesha kwa maji safi mpaka liachie lenyewe, usivute. Ulikuwa unagugumia, mkono umevimba, una joto, unatoa majimaji. Mimi vidonda nimevitibu maisha yangu yote, lakini vya ng'ombe. Kwato, pembe, chapa ya moto. Kwangu mimi alama ni ile inayochomwa ubavuni ili mwizi akishikwa asibishe. Nikachukua lile kopo la dawa ya kupulizia vidonda vya mifugo, nikakushika kifundo kama ninavyomshika ndama, nikapuliza. Uliruka ukagonga kichwa kwenye boriti. Mkono mzima ukawa bluu mpaka kwenye kucha, na lile jina likapotea chini ya bluu.

Ulinitazama, nikaona ulichofikiri. Ulifikiri nimefanya makusudi. Mwanangu, na mimi nimejiuliza. Nilitaka upone, hilo ni kweli kabisa. Lakini jina lile lilipofunikwa nilishusha pumzi, na hilo nalo ni kweli. Sijui mkono wangu ulitaka nini. Nimeuangalia tangu siku ile na haujanijibu.

Ulipokwenda kuchunga, nikafunga kanga nikaenda senta kumtafuta huyo mchoraji wako. Nilimkuta nyuma ya saluni ya kunyoa, kijana wa Mwanza, vidole vyeusi kwa wino.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Ni wewe unayetoboa watoto wa watu?"

"Mama, mimi ni msanii."

"Msanii nenda kaimbe. Mwanangu mkono umevimba."

Akazima redio. "Ni yule wa Robi? Ameupaka nini?"

Nikamwambia. Kijana akashika kichwa kwa mikono miwili. "Mama! Dawa ya ng'ombe?"

"Na yeye ni ng'ombe wangu," nikamjibu.

Saluni nzima wakacheka. Mimi sikucheka. Yalikuwa yamenitoka tu, na niliwahi kumwambia mtu mwingine maneno hayo hayo miaka ya nyuma, na huyo hakuwa na watu wa kumchekea.

Yule kijana akanipa benchi. Sikutaka kumpenda lakini alisema kweli. Akaniambia bluu isinitishe, itabanduka na ngozi ya juu, wino wake yeye uko chini zaidi. Halafu akauliza, "Ila mama, ngozi yake ikoje? Akiumia, kovu linalala au linasimama?"

"Linasimama."

"Mbona hakuniambia! Ningemkatalia."

"Ndiyo maana hakukuambia. Sasa itakuwaje?"

"Sasa ni kuosha na kungoja. Mwingine linatulia. Mwingine linakuja kunyanyuka baadaye, kidonda kimeshapona, mmeshasahau, ndipo nyama inaanza kupanda mpaka inameza herufi. Siwezi kukudanganya mama yangu."

Nakuandikia alivyonielekeza, kwa sababu najua alipokuwa anakueleza wewe ulikuwa kwenye simu. Nawa mikono kwanza, na sabuni, kabla hujagusa. Maji yawe yamechemshwa yakapoa. Osha kwa kiganja, sabuni isiyo na marashi, usichukue dodoki wala lile gunia unalojisugulia miguu. Kausha kwa kugusagusa na kitambaa safi. Mafuta kidogo sana, ngozi ing'ae tu, isiogelee. Jua lisiupige, vaa lile shati la mikono mirefu hata wakikucheka kwamba unasikia baridi. Usiingie mtoni kuogelea. Magamba yakianza kuja yaache yaanguke yenyewe, usiyabandue hata kama moja limebaki linaning'inia na linakuudhi. Ukiona usaha, ukisikia harufu, mkono ukiwa wa moto na mwili ukatetemeka, nenda hospitali. Usimruhusu mtu yeyote mwenye kopo la mifugo akusogelee, hata awe amekulea.

Nikamwambia huyo kijana kwamba unakwenda kuchimba. Akaniangalia. "Duarani? Na kidonda kibichi? Mama, mwambie asubiri."

Nilikuambia usubiri. Ukasema wenzako hawasubiri, gari ni la kesho. Nilitaka kukuambia kwamba Robi aliyekwishangoja hivi hawezi kukasirika kwa kungoja kidogo tena, lakini ulikuwa umeshageuza mgongo.

Umekulia hapa, hakuna haja nikuhadithie duara ni nini. Shimo ni shimo. Unajua vumbi la karasha la kusaga mawe linavyoingia mpaka kwenye chumvi. Wakikupa kazi ya kukamata dhahabu kwa zebaki, ukoroge kwa mikono mitupu, kataa. Najua hutakataa. Mgeni hachagui kazi, na hakuna anayempa mgeni maji ya kuchemshwa. Naandika "chemsha maji" na ninaona kabisa utakavyokuwa umesimama kwenye tope, shati limeloa, kidonda kimejaa udongo, unamwambia mtu wa zamu kwamba huumwi. Naandika hivyo hivyo tu. Mikono ya mzazi ikikosa la kufanya inaandika.

Haya, turudi kwa Robi.

Alikuja mchimbaji kutoka Kahama, wakati ule watu wa mikoa yote walikuwa wanamiminika hapa. Walikutana bombani. Nikaanza kusikia Robi anacheka tena, nikajua si kwa ajili yangu. Akanijia, akapiga magoti, akasema anamtaka yule mtu, awe anakuja hapa hapa bomani, watoto watakaozaliwa watakuwa wa nyumba yangu kama mila inavyosema. Alinipa heshima yote. Wanawake wengine wangekubali, na wengi wanakubali. Mimi nikamwambia damu ya mbali haiingii nyumba hii. Akaniuliza, "Kwani mimi sina la kusema?" Ndipo nilipomwambia. Wewe ni ng'ombe wangu. Nilikutolea ng'ombe.

Aliondoka siku ya mnada, watu wote wako huko. Wewe alikuacha umelala kitandani kwangu. Usifikiri alikutupa. Kwa mila mtoto ni wa aliyetoa ng'ombe, na alijua akikubeba nitamfuata na ukoo mzima, na vijana wetu wana mapanga. Alikuacha ili usione damu.

Watu walikuwa wananifariji, "Kuzaa si kazi, kazi ni kulea." Nilikuwa naupenda sana msemo huo. Nilikuwa nausema hata pasipohitajika. Sasa nikiusikia naona aibu, kwa sababu Robi hakuikataa kazi. Mimi ndiye niliyemnyang'anya jembe.

Na kile alichokuropokea Chacha ni kweli. Alirudi.

Ulikuwa umeshaanza kutembea. Nilikuwa nimekubeba mgongoni, nalinda unga niliouanika juani. Nikainua macho, yuko pale penye uwazi wa ua, amekonda, ameshika kaptura ndogo ya bluu iliyokunjwa. Hakuingia. Akasema, "Shikamoo mama. Naomba nimwone tu."

Nikamwambia, "Rudisha ng'ombe umchukue."

"Ng'ombe nitawatoa wapi mimi?"

"Basi."

Akasogea hata hivyo. Akaja mpaka karibu, akakuita jina. Wewe ukaamka, ukamwona, ukaangua kilio, ukaficha uso shingoni kwangu. Hukumjua. Nikaanza kukupigapiga mgongoni kwa kiganja, taratibu, mpaka ukanyamaza, naye amesimama pale pale. Mwanangu, nilifurahi. Chacha hakukuambia hilo kwa sababu halijui. Nilifurahi kwamba umemlilia yeye na umenyamaza kwangu. Nimejitahidi miaka yote hii kukumbuka siku ile bila furaha hiyo, na siwezi, imo.

Akanyoosha mkono, akagusa bega lako pale penye chanjo, palikuwa pameanza kutuna. Akasema, "Loo, hata hili amelichukua kwangu." Akaiweka ile kaptura juu ya unga wangu, akaenda. Uliivaa mpaka ikapasuka. Nilikuambia nimeinunua mnadani.

Sasa lipo moja ambalo Chacha halijui, na sina hakika kama ni vizuri nikuandikie. Nimesimama hapa nikaenda kuangalia kuku, nikarudi, na bado sina hakika. Lakini ukilikuta mwenyewe huko mbele litakuumiza zaidi.

Robi hajui kusoma.

Hakukanyaga shule. Alikuwa na hamu nayo. Palikuwa na kisomo cha watu wazima jioni, kule kanisani, akaniomba aende. Alikuwa ameshaanza kuchora vitu na kijiti kwenye vumbi la zizi, eti anajaribu kuandika. Mimi nina darasa la saba langu, ningeweza hata kumfundisha mwenyewe tukiwa tunachambua mboga. Nikamwambia, "Herufi zinakamua maziwa?" Nikafuta kwa mguu.

Kwa hiyo uliponiambia akiuona mkono atajua, mimi nilikuwa najua kwamba hatajua. Ataona mkono wa kijana aliyejichora, na vijana waliojichora huko machimboni ni wengi kuliko mawe. Umevumilia sindano ile yote, umelala na homa, umepulizwa dawa ya mifugo, kwa ajili ya herufi ambazo yeye akizitazama atapitisha macho. Na asiyezijua hakuzikosa kwa bahati mbaya. Nilizifuta mimi.

Labda alijifunza huko alikokwenda. Nimejaribu kuamini hivyo. Lakini mwanamke anayeamka kabla ya jua kuwapikia wachimbaji, akalala baada ya sufuria ya mwisho, nani atamfundisha, na saa ngapi?

Nilitaka kukuambia siku ile ile. Ningesema, ungeona ni wivu wa kizee, kwamba natafuta namna ya kukuzuia. Na ungekuwa umeona sawasawa kwa nusu.

Kama ni kujua, nafikiri kuna kitu kimoja anachoweza kukijua. Ni hilo bega. Na kama mkono nao utasimama kama bega lilivyosimama, kama nyama itapanda na kumeza wino, jina likageuka kilima asichoweza kukisoma mtu yeyote, labda hapo ndipo atashika kichwa na kusema loo. Naandika "labda" na ninaiona ilivyo ndogo. Ili hilo litokee inabidi awe hai, awe Chunya, akaushe mikono, atazame juu mtu anapopokea sahani. Halafu inabidi atake.

Wala usielewe kwamba nakuambia uuache mkono uoze. Uoshe. Kidonda kisichooshwa hakimleti mama, kinaleta msumeno wa daktari.

Lile neno ulilolipata, kwamba kuna mama wa Kikurya anapika ugali wa udaga, ule wa muhogo, kwenye machimbo ya Chunya, mimi nililisikia kabla yako. Ni habari za rashi iliyopita, watu walipokimbilia dhahabu huko. Dhahabu ikipungua watu wanahama, sufuria zinahama nao, na hakuna anayemwambia mtu anaelekea wapi. Nimewaona wengi wakiondoka hapa hapa kufuata uvumi wa jiwe jekundu. Wote wanawaambia mama zao watarudi Krismasi. Wewe hukuniambia hata hivyo. Nilikuwa nangoja useme nikuzomee, nikuambie usidanganye. Nimekosa hata cha kuzomea.

Ukimpata hutarudi, kwa sababu utakuwa na mama. Usipompata hutarudi, kwa sababu utakuwa unaendelea kutafuta. Nimeligeuza kila upande na sioni mlango ninaoingilia. Nilitoa ng'ombe ili moto usizimike ndani ya nyumba hii, na kesho jioni nitapika ugali wa mtu mmoja. Wazee wakija kuuliza mtoto wa nyumba yuko wapi nitawaambia amekwenda kazini. Watanitikisia kichwa, wanajua. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, ndivyo wanavyosema, na miaka yote nilidhani mzazi anayesemwa ni mimi.

Sikuandikii ili urudi. Jina la mume wangu umelibeba kwa kuitwa, jina la Robi umelibeba kwenye ngozi, na mimi langu halimo popote. Jana nilitaka kulia kwa sababu hiyo, kisha nikajiona mjinga. Mtu aliyewatia watu chapa asilalamike kwamba hakuna aliyejitia yake.

Sauti yako naisikia kule njiani, unaongea na mtoto wa jirani, unacheka. Ngoja nimalizie.

La mwisho ni hili, na mchoraji alilirudia kuliko yote. Zitakuja siku kidonda kitawasha. Kitawasha mpaka utake kulia, hasa ngozi yenu. Hapo ndipo watu wanapoharibu, kwa sababu hakiumi tena na wanadhani wamepona. Usikune. Hata kwa shati usisugue, hata usingizini, fupisha kucha. Ukikuna unang'oa jina na unaiita nyama isimame. Pigapiga kwa kiganja, juu ya nguo, taratibu, mpaka kitulie.

Mwili wako unaijua namna hiyo. Ni vile nilivyokupiga mgongoni siku ile uani, ukaacha kulia, na mama yako amesimama anatutazama.

Ni mimi Nyangi, uliyezoea kuniita mama.